Buluu ya Yai la Kwezi

Matroni alisimama mbele ya ukuta mbichi, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayetazama picha iliyotundikwa kombo.

"Fundi," akasema, "hii ni rangi gani?"

"Buluu, mama. Ile ile."

"Ile ile ipi?"

"Ile niliyoipaka hapa mara ya kwanza. Si ndiyo uliyoitaka?"

Matroni hakuwa mtu wa makelele. Alianza kazi katika wodi hiyo ya wazazi akiwa msichana mwembamba, na zamu yake ya kwanza aliipitisha akitazama ukuta wa buluu kila alipohisi atazimia. Sasa alikuwa anakaribia kustaafu, na alichoomba ni kuiona rangi ile tena kabla hajakabidhi funguo. Basi. Hakuomba dhahabu.

Dada wa usafi alikuwa anapita na ndoo ya maji ya deki. Matroni akamsimamisha.

"Hebu wewe, hii rangi gani?"

Yule dada akautazama ukuta, akaitazama ndoo yake, akautazama tena ukuta. Mama mmoja mjamzito aliyekuwa akitembeatembea huku ameshika kiuno akaangua kicheko, kisha uchungu ukamkamata katikati ya kicheko, akashikilia mlango. Hata hapo mabega yake yalikuwa bado yanatikisika.

Fundi alihisi masikio yanawaka. Watu walimwita Fundi Buluu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Milango ya mtaani kwao, maduka, chumba cha watoto cha mwalimu mkuu, kote huko akiambiwa "nipake buluu yako" alijua la kufanya. Akamgeukia mwenzake wa kazi, ambaye kwa sababu ya kupenda njia ya mkato, rola badala ya brashi, aliitwa Rola.

"Rola, waambie."

Rola alikuwa anafuta kidole kimoja kwa muda mrefu kuliko kidole kinavyohitaji. "Mimi kaka nilidhani ndivyo walivyoagiza," akasema. "Nikasema labda hospitali siku hizi wanataka kitu cha kuficha uchafu."

"Kwa hiyo nawe unaiona mbaya?"

"Si mbaya. Ila buluu... " Rola akaomba msaada kwa macho, hakuupata. "Buluu siyo."

Matroni akamwambia Fundi kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko matusi, kwamba ukuta utarudiwa, rangi ya kurudia ni juu yake mwenyewe, na kama wiki ijayo hajapata buluu yenyewe, atatafutwa mtu mwingine. "Usinielewe vibaya, Fundi. Labda umechoka. Labda ni macho. Sote tunazeeka."

Alisema vile kumfariji. Hakujua amegusa wapi.

*

Nyumbani kwa Fundi palikuwa na wanawake wawili. Mmoja ni mkewe, Mama Trei, aliyeuza mayai ya kuku kwa trei na ya rejareja, mwanamke mwenye mikono mikubwa isiyovunja kitu. Wa pili ni mama yake mzazi, Bi Mkubwa, aliyekuwa haoni. Watoto walikwisha kuolewa na kuoa, wakabaki hao watatu na redio.

Fundi alifika mchana, saa ambayo si yake. Mama Trei alikuwa sokoni. Hakumsalimu mama yake vizuri. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akapanda kwenye kiti, akashusha kutoka juu ya kabati bati la zamani la biskuti ambalo kwa miaka yote ya ndoa yao mkewe aliambiwa lina misumari. Akaliweka mezani sebuleni, akalifungua.

Ndani, kila moja kwenye kiota chake cha pamba, yalilala mayai. Si ya kuku. La njiwa, lisilo na doa hata moja. La bundi, la mviringo kama gololi kubwa. La mnana lenye madoadoa kama mtu aliyetemewa ugoro. La kware, la kunguru, la mbayuwayu dogo kama ncha ya kidole. Yote matupu, kila moja limetobolewa kwa mwiba na kupulizwa na mtoto mwenye mashavu yenye nguvu. Na katikati, peke yake, yai la kwezi.

Hilo ndilo lililokuwa buluu yake. Hakuwahi kulitoa nje ya nyumba. Kila alipopewa kazi ya buluu, alifungua bati mlango ukiwa umefungwa, akalitazama, akalifunika, akaondoka na ile rangi machoni kama mtu aliyebeba maji viganjani, asizungumze na yeyote njiani mpaka afike kwenye ndoo zake. Hata mkewe hakujua. Mwanamume mzima mwenye wajukuu atasemaje kwamba ana mayai ya ndege juu ya kabati?

Akalichukua, akalipeleka dirishani. Akaweka pembeni yake kijiti alichokorogea rangi ya hospitali, bado kina unyevu. Akatazama hiki, akatazama lile. Zilikuwa sawa. Kabisa.

Kama yai ni buluu, na ukuta ni sawa na yai, na watu wote wenye macho wanauona ukuta ni maji ya deki, basi kosa liko kwa nani?

"Mwanangu," Bi Mkubwa akaita kutoka uani, "mbona unahema kama uliyekimbizwa?"

"Jua, mama."

"Jua lina mlio gani siku hizi?"

Fundi alilirudisha yai kwenye pamba, akatoka kwenda kunawa uso bombani, akakaa kwenye ukingo wa sinki maji yakimtiririka shingoni. Bati akaliacha wazi.

*

Mama Trei aliingia na trei nne kichwani na jasho. Akazitua. Akaona mezani mayai.

Sasa, mtu akimletea muuza mayai mayai asiyoyajua, muuza mayai hafikiri mara mbili. Ana kazi moja. Jirani yao alikuwa na tabia ya kumletea mayai ya kanga na ya bata amsaidie kuuza, na Mama Trei akadhani ndiye, ameleta vichekesho vyake vingine. Akachota maji kwenye bakuli, akachagua lile la katikati kwa sababu lilikuwa na rangi ya ajabu, akalitumbukiza taratibu.

Yai zuri huzama likalala. Yai lililozeeka husimama. Yai bovu huelea. Hili halikuelea tu, lilirukia juu kama kizibo na kuanza kuzunguka bakuli.

"Maskini," Mama Trei akasema, "limeoza mpaka limekuwa puto." Akachukua la pili. Likaelea. Akasonya. "Huyu naye ananiletea mizoga! Yote haya ni ya kutupa." Akavuta ndoo ya taka kwa mguu.

"Acha!"

Fundi alikuwa mlangoni, maji usoni, na sauti aliyoitoa mkewe hakuwahi kuisikia tangu amjue, hata siku mtoto wao wa pili alipotumbukia kwenye kisima cha kina kifupi.

"Nini? Nimefanya nini?"

"Weka chini. Polepole. Usilibonye."

"Mayai mabovu haya!"

"Si mabovu. Hayana kitu ndani."

"Yai lisilo na kitu ndani ni yai gani?"

Kutoka uani kukatoka kicheko. Bi Mkubwa alikuwa anacheka mpaka akawa anapiga paja. "Mwambie! Mwambie mkeo leo! Nimekaa na hiyo siri mpaka nimeota mvi juu ya mvi. Mficha uchi hazai!"

Mama Trei akamtazama mumewe, akalitazama bati. Alilikumbuka. "Misumari," akasema.

Fundi akafuta uso kwa mkono.

"Yaani nimelala chini ya mayai miaka yote hii, na mimi ndiye muuza mayai?" Hakujua akasirike au acheke. Akakaa. Kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kutaka kujua mambo, udadisi ulimshinda hasira. Akaanza kuyanyanyua moja moja kwa ncha za vidole, akiyageuza. "Hili la nani? ... La bundi? Mbona duara hivi, halina kichwa wala kitako? ... Na hili lenye mchoro? Nani kaliandika? ... Ulipanda mwenyewe?"

"Nilikuwa mwepesi."

"Na mama yao je?"

"Nilikuwa nachukua moja tu, naacha mengine. Hiyo ilikuwa amri ya Bi Mkubwa. Alinikamata siku ya kwanza, yai limenipasukia mfukoni. Alinichapa. Halafu alipomaliza kunichapa akasema, hebu nione lingine."

"Sikusema hivyo," Bi Mkubwa akasema kutoka uani.

"Ulisema, mama."

"Basi nilisema. Hilo la kwezi nililishika mwenyewe. Lilikuwa kwenye tundu la mti mkavu, mkono wa huyu umeingia mpaka begani, kama angekuwamo nyoka leo ningekuwa na watoto pungufu. Nilipoliona, Mungu anisamehe, nilisahau kumpiga. Sijaona tena buluu kama ile."

Fundi akamtazama mkewe, na Mama Trei, aliyekuwa mtu wa kuangalia, akaona kwamba uso wa mumewe hauko sawa tangu alipoingia. Si mayai. Kuna kitu kingine.

"Mke wangu," akasema, na kwa kawaida hakumwita hivyo mchana. "Hilo yai. Lina rangi gani?"

Mama Trei akaliinua kutoka kwenye bakuli, akalifuta maji kwa upindo wa gauni. Akalitazama vizuri kwa sababu aliona anaulizwa swali kubwa, ingawa hakujua ukubwa wake.

"Sema kweli."

"Kama kijani," akasema. "Kijani ya matope. Kama maji yaliyolala."

Fundi akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kama mzigo ulioteremshwa.

*

Walimtoa maneno kidogokidogo: Matroni, dada wa ndoo, Rola na kidole chake. Alipofika kwenye neno macho alisita, akashusha sauti mama yake asisikie. Lakini asiyeona hafichwi kwa mnong'ono.

"Unafikiri unafuata njia yangu," Bi Mkubwa akasema. Alikwisha kuingia ndani akipapasa ukuta, akakaa kwenye kiti chake.

"Mama, wewe ilianza vipi?"

"Buluu ndiyo iliyoniaga kwanza." Alisema taratibu, kama anayemtaja mtu wa familia aliyehama. "Wala sikujua kwamba inaondoka. Nilidhani wenye maduka wameanza kuuza vitambaa vibaya. Nilikuwa nikigombana nao! Nikisema, ninyi siku hizi mnatuletea buluu iliyofuliwa mara mia. Wananitazama tu. Baadaye ikaja ukungu, baadaye nyuso. Nilipoacha kugombana na wenye maduka ndipo nikajua ni mimi."

"Mimi mbingu naiona," Fundi akasema. "Naiona buluu. Lakini nitajuaje kama naiona kama mnavyoiona ninyi?"

Mama Trei alijaribu kumpima. Akamwonyesha kanga yake, akamwonyesha kifuniko cha ndoo, akamwonyesha sabuni ya kufulia. Yote alijibu sawa. Lakini kifuniko cha ndoo kila mtu anajua ni buluu, hata kipofu wa nyumba ile alijua. Macho yakizeeka huanza kusoma kwa kukariri, kama mtoto anayejifanya anasoma kitabu alichokwisha kusomewa. Na yai la kwezi alilijua kuliko vyote. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Hakuwa amelitazama kwa miaka. Alikuwa analikumbuka huku amelishika.

Siku mbili alikaa nyumbani. Rola alipita, akasimama mlangoni akaulizia "afya," akaambiwa ni nzuri, akaenda. Mama Trei aliuza mayai yake barazani, akasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba Fundi Buluu sasa abadilishwe jina, aitwe Fundi Deki. Akampunja? Hapana. Alimpa mayai yake salama na chenji yake sawasawa. Ila hakumwambia karibu tena.

Ndani alikuwa anawaza. Kwake yai si kitu cha kuogopwa, ni kitu cha kuulizwa. Ukitilia shaka, unamulika kwa tochi, unatia majini, unatikisa sikioni. Mumewe alikuwa analiogopa yai.

Siku ya tatu asubuhi Bi Mkubwa akasema, "Hebu nipeni hilo yai langu nilishike. Si mimi nililiona mwanzo?"

Fundi alisita, lakini mama akiomba humnyimi. Akamwekea kiganjani. Bi Mkubwa akalifunika kwa kiganja cha pili, akatulia kama anayesali. Kisha vidole vikaanza kutembea. Vikatembea, vikasimama. Vikarudi.

"Hili si yai langu."

"Ndilo, mama."

"Nasema silo. Yai langu lilikuwa kavu. Lilikuwa kama ngozi ya mtoto aliyepakwa poda. Hili linateleza. Hili lina koti." Akalikwaruza kidogo kwa ukucha. "Mlilipaka nini?"

Mama Trei alimwona mumewe akirudi nyuma mbali sana, mpaka ujanani, mpaka siku ambazo alikuwa anajifunza kazi kwa bwana mmoja mkali aliyekuwa akipaka samani, ambaye kila kitu alichokithamini alikipaka vanishi, hata mpini wa kisu chake.

"Vanishi," akasema.

"Ulipaka yai vanishi?"

"Yote. Ili yasivunjike. Ndiyo kwanza nimejifunza kuipaka. Nikaona nitayatunza kwa ufundi." Alikuwa anazungumza kama mtu aliyeamshwa. "Nilipaka mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Yaling'aa kama vioo."

"Na vanishi ikikaa gizani inafanyaje?" Mama Trei akauliza. Aliuliza kwa sababu hakujua.

Fundi ndiye aliyejua. Alijua vizuri sana. Mara ngapi amewaambia wateja, msifungie kabati la vanishi gizani, litageuka rangi ya chai? Njano juu ya buluu hufanya nini, hata mwanafunzi wa kwanza wa rangi anajua. Na yeye kila mwaka alilitazama, likigeuka kidogo kidogo, naye akigeuka pamoja nalo, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango.

"Basi!" Mama Trei akapiga makofi. "Si macho. Ni vanishi!"

"Labda ni vanishi," Fundi akasema. "Labda ni vanishi na macho."

"Thina ipo. Tupanguse tuone."

Fundi akamzuia mkono. "Yai hili lina umri gani, unajua? Ganda limekuwa kama karatasi. Ukisugua linasagika."

"Na usiposugua?"

Bi Mkubwa akageuza uso wake kuelekea sauti ya mwanawe ilikotoka.

"Mwanangu. Unaogopa yai livunjike, au unaogopa lisivunjike, likatoka safi, nawe usione kitu?"

Nje, mpita njia aliita kuulizia bei ya trei.

"Bora nisijue, mama," Fundi akasema mwisho. "Nikijua, kesho naamkaje?"

"Utaamka kama ninavyoamka mimi. Kwa jina la Mungu, na kwa kupapasa." Akamnyoshea yai. "Ila mimi hakuna aliyeniuliza mapema. Wewe una bahati ya kuulizwa."

Fundi akalichukua yai. Akalishika kwa muda. Kisha akampa mkewe.

"Mikono yako," akasema. "Yangu itatetemeka."

*

Walikaa uani kwenye mwanga. Mama Trei aliweka yai kwenye pamba, kwenye kifuniko cha chupa, akatia thina kidogo kwenye kipande cha pamba kingine, harufu ikawapanda puani. Bi Mkubwa alisogeza kiti.

"Sharti moja," akasema. "Kila mtu afunge mdomo. Wewe mkwe wangu ukiona kitu, usiseme, wala usipige yowe, nakujua. Yeye aseme kwanza."

Mama Trei akaanza kupangusa. Alipangusa kama anavyofuta mayai ya mteja mgumu, duara ndogo ndogo, bila kukandamiza. Pamba ikageuka rangi ya chai, kisha rangi ya chai ya rangi. Akatupa, akachukua nyingine. Kukasikika mlio mdogo, tik. Ufa mwembamba kama unywele ukakimbia kutoka kwenye tundu la mwiba mpaka tumboni. Mkono wake ukasimama. Akamtazama mumewe.

Fundi aliuona ufa.

"Endelea," akasema.

Akaendelea. Kipande kidogo cha ganda, kama ukucha wa mtoto, kikabanduka kikabaki kwenye pamba. Na pale kando ya pengo, penye ukubwa wa punje ya hindi, pakatokea kitu ambacho Mama Trei alilazimika kuuma midomo ili asikitaje. Alitazama chini kwa nguvu. Machozi yalimjia, akayaachia yamwangukie kwenye mapaja, hakunyanyua hata mkono.

Fundi aliinama. Akainama zaidi, mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Bi Mkubwa alikunja vidole vyake kwenye goti.

"Hapa," akasema Fundi, na kidole chake kikaelekeza bila kugusa, "hapa ni matope. Yale yale ya ukutani. Kumbe ni matope kweli." Kidole kikasogea. "Na hapa..."

"Na hapo?"

"Mama, hapa ni buluu. Imeingia ndani kabisa. Ni kama... siku ile uliacha kunipiga."

Bi Mkubwa akakunjua vidole vyake. "Haya, mkwe wangu. Sasa unaruhusiwa."

Mama Trei akapiga yowe mpaka kuku wa jirani wakaruka.

*

Ukuta wa hospitali ulirudiwa. Rangi ilitoka mfukoni mwa Fundi, mfuko ukabaki unaning'inia kama sikio la mbuzi, na Rola alifanya kazi siku mbili bila kutaja malipo, jambo ambalo halijawahi kutokea na huenda halitatokea tena. Safari hii Fundi alilibeba yai mpaka kazini, kwenye kibweta cha pamba, na kulionyesha bila aibu kwa yeyote aliyeuliza. Walikuwa wengi. Wajawazito walipanga foleni. Dada wa usafi alitazama yai, akatazama ukuta, akaweka ndoo yake mbali.

Matroni alisimama pale pale aliposimama siku ile. Hakusifu. Alishika mlango, akasema, "Haya," kwa sauti ya msichana.

Mtaani, watu walipopata habari, walianza kuchunguza milango yao. Ikawa mchezo: ya zamani kabisa ni buluu, inayofuata imechoka kidogo, na ya mwaka huu ni deki. Ungeweza kutembea barabara nzima ukiona vanishi inavyozeeka. Wawili walidai wapakiwe upya. Fundi akakubali, polepole, mmoja mmoja.

Lakini Mama Trei hakuwa amemaliza. Kitu kilikuwa kimemkaa kichwani tangu siku ya thina. Jioni moja, akimulika mayai ya biashara, yai hili linapitisha mwanga, hili lina wingu, alimtazama mama mkwe wake aliyekaa mbele yake, uso umeinuliwa. Akasogea na tochi.

"Unafanya nini? Nahisi joto usoni."

"Nakumulika, mama."

"Sasa na mimi nimekuwa yai?"

"Tulia kidogo. Fumbua." Akatazama muda mrefu, kwanza hili, kisha lile. Katikati ya jicho, penye weusi kwa watu wengine, palikuwa peupe, kama ute ulioanza kuiva. "Mama, ukimulikwa unajua mwanga uko upande gani?"

"Kwani mimi ukuta? Uko kushoto kwako. Sasa umeupeleka juu."

Mama Trei akazima tochi. Kesho yake akavaa gauni la kutokea, akaenda kwa Matroni mwenyewe bila kumwambia mtu, na trei moja mkononi, kwa sababu mkono mtupu haulambwi.

Matroni alimsikiliza mpaka mwisho. "Hicho kinaitwa mtoto wa jicho," akasema. "Ni kama pazia lililoota ndani. Mara nyingine huondolewa, jicho likawa zima nyuma yake. Mara nyingine nyuma kuna ugonjwa mwingine. Sitaki kukuahidi. Hakuna aliyewahi kumpima?"

"Alisema ni uzee. Na mama yake pia alikuwa hivyo. Sisi tukasema amina."

"Amina ni neno zuri," Matroni akasema, "lakini daktari wa macho yupo Alhamisi."

*

Bi Mkubwa alikataa. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne kwa sauti ndogo. Alisema amekwisha kuzoea, kwamba anawajua kwa nyayo zao, kwamba Mungu akitaka kukuonyesha kitu hatumii kisu. Jumatano alinyamaza siku nzima. Jioni akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Na ile buluu, mlipopangusa, ilikuwa imepungua?"

"Haikupungua, mama," Fundi akasema. "Ilikuwa imekaa tu pale chini."

Alhamisi walikuwa kwenye benchi la ukumbini, watatu, Bi Mkubwa katikati. Alikwisha kupimwa, kidole cha daktari kimepita mbele yake huku na huko, na sasa walikuwa wanasubiri aitwe ndani kuondolewa pazia la jicho. Mapajani alishika yai la kwezi kwenye pamba yake, lenye ufa na pengo. Vidole vyake vilikuwa vinapita juu yake bila kukandamiza, pakavu, kama poda.

Chumba cha daktari wa macho kilitazamana na wodi ya wazazi, na mbele yao ulikuwa ukuta wa Fundi. Jua la asubuhi lilikuwa limeufikia.

"Tuko mbele ya nini?" Bi Mkubwa akauliza. "Nahisi kuna kitu kikubwa mbele yangu."

"Ni ukuta, mama. Ule nili—"

"Nyamaza." Akainua mkono. Muuguzi alikuwa ameshafungua mlango na kumwita, na Mama Trei alikwisha kumshika kiwiko, lakini yeye aliketi kidogo zaidi, akampa mwanawe yai kwa uangalifu, mkono kwa mkono. "Sikilizeni. Sijui nitatoka na nini humo. Ila nikitoka, wakanifungua kitambaa, mkanileta hapa tena, kila mtu afunge mdomo."

Akasimama.

"Mimi niseme kwanza."